Kinyongo cha Chuma

Kibao cha mbele kilikuwa kimeandikwa HAPA TUNASUKA MOTA NA TRANSFOMA, kwa rangi nyekundu, enzi zile nyekundu ikiwa bado nyekundu. Jua likaanza kuyala maneno kutoka mwisho, taratibu, mpaka yakabaki mawili: HAPA TUNASUKA. Ndiyo maana haikupita wiki bila mwanamke fulani kusimama mlangoni, kitambaa kichwani, kitana mkononi, akiuliza kama kuna foleni.

"Hatusuki nywele," alisema Wifi bila kuinua macho kwenye karatasi aliyokuwa akiikata.

"Kibao kinasema mnasuka."

"Tunasuka mota."

"Mota ina nywele?"

"Ina waya."

Mwanamke alichungulia ndani, akaona koili za shaba zimening'inia ukutani mafungu mafungu, zinang'aa kama nywele zilizotiwa mafuta. Akamtazama Wifi kwa jicho la mtu aliyedanganywa, akaenda zake.

Wifi alikuwa ameomba kibao kipakwe rangi upya. Alimwomba mumewe, mumewe akasema mambo ya kibao ni ya dada yake. Akamwomba dada mtu, dada mtu akasema mambo ya kibao ni ya kaka yake. Kibao kikabaki yatima, na wa kuulizwa habari za yatima akawa yeye.

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kibanda alichoshonea sare za shule, kabla sindano hazijaanza kumchosha macho. Mkwewe alipofariki, meza ya mbele ya karakana ilikaa tupu siku nyingi, kisha yeye akaja kukaa hapo kwa muda tu. Muda huo ulikuwa haujaisha. Alipokea wateja, aliandika vikaratasi vya kufunga kwenye mashine zao, na kwa mkasi uleule wa sare alikata karatasi ngumu za rangi ya kahawia ambazo mafundi huziweka ili waya usigusane na chuma. Dada wa mumewe alimwita wifi, kama ilivyo haki. Wateja wakalisikia jina, wakalichukua. Hata mwanamume mwenye ndevu aliyeleta pampu ya kisima alimwita Wifi, na haikuwepo ndoa duniani ya kuueleza undugu huo.

Karakana yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu. Kushoto, penye dirisha, lilikuwa benchi la mumewe, mtu wa chuma: yeye ndiye aliyefungua mashine, akapanga vibati vya moyo wa transfoma kimoja baada ya kingine, akakaza bolti, akajaribu. Kulia lilikuwa benchi la dada yake, mtu wa waya, ambaye vidole vyake vilihesabu mizunguko hata akiwa anazungumza na mtu. Kati ya benchi na benchi, mtu mzima akinyoosha mkono, na mwenzake akanyoosha wake, koleo hupita bila hatua. Zamani ilikuwa hivyo. Sasa koleo lilipita kwa Wifi.

"Mke wangu," mumewe alisema, bila kugeuka, "mwambie Weba koleo langu dogo nalitaka."

Weba alikuwa dada yake. Alikuwa hapo, mgongo wake umeelekea mgongo wa kaka yake, na masikio yake yalikuwa mazima.

"Anataka koleo," alisema Wifi.

"Nimesikia. Mwambie Chuma neno tafadhali halijaharamishwa."

"Anasema neno tafadhali."

"Mwambie tafadhali iko pamoja na koleo, avilete vyote."

Wifi aliinuka, akatwaa koleo, akalipeleka. Ilikuwa hivyo tangu kabla ya mvua, na mvua zilikwisha kuja na kwenda. Mjumbe hauawi, wahenga walisema. Kama hachoshwi, hawakusema.

Na ugomvi wote ulitokana na neno moja.

Marehemu mkwewe, Mzee, ndiye aliyewafundisha kazi wote wawili, na alikuwa na maneno yake. Sumaku, alisema, ina njia yake ndani ya chuma, kama umeme ulivyo na njia yake ndani ya waya. Umeme ukibanwa njiani tunasema ukinzani. Lakini sumaku haibanwi. Sumaku inasita, inanuna, inakwenda shingo upande. Alikuwa akishika vipande viwili vya chuma, akavikutanisha: hapa inapita kama mtu aingiaye kwao. Kisha akaviachanisha kidogo, upenyo wa unene wa ukucha: hapa kuna hewa, na hewa ina kinyongo cha mke mwenza. Jina la kile kitu likawa hilo. Kinyongo. Wanawe walikua wakisema kinyongo kidogo, kinyongo kikubwa, punguza kinyongo hapo, kama watoto wengine wasemavyo chumvi na sukari.

Mzee akafa. Binti akaingia chuo cha ufundi, masomo ya jioni. Siku moja akaja mteja mwenye viatu vinavyong'aa, na mota ya pampu. Kaka akawa anamweleza: mota yako inakula umeme mwingi kwa sababu upenyo ndani umepanuka, kinyongo kimezidi. Mteja akacheka. Akasema hajawahi kusikia mota yenye kinyongo, labda ipelekwe kwa mshauri wa ndoa.

Dada aliona kaka yake anachekwa, na moyo wake ulimuuma kwa ajili yake. Akataka kumwokoa. Akasema, "Kaka, haiitwi kinyongo. Inaitwa relaktansi. Na ina kipimo chake, ampea-mizunguko kwa weba."

Mteja akaacha kucheka. Akageuka, akamtikisia dada kichwa kwa heshima, na tangu hapo akazungumza na yeye tu, juu ya kichwa cha kaka, kama watu wawili wanaozungumza juu ya ukuta.

Kaka aliweka spana chini polepole. "Kumbe Baba alikuwa akitudanganya," alisema.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno ya mwisho kati yao. Kuanzia kesho yake yeye alimwita dada yake Weba, kwa kipimo chake kile, na dada akaona kama majina yanagawiwa bure naye ana la kugawa, akamwita Chuma.

Wifi alizijua habari hizi kwa kusimuliwa, kwani wakati ule bado alikuwa na cherehani yake. Zilimwingilia kama zinavyomwingilia mtu habari za kazi isiyo yake: alishika kwamba palikuwa na jina, likakosolewa, mteja akacheka. Jina lenyewe lilikuwa lipi, lilipita sikio hili likatokea lile.

Lililombana yeye lilikuwa jingine. Mumewe alikuwa ameagiza seremala. Jumamosi seremala angekuja na mbao, apige ukuta katikati ya karakana, kila mtu abaki na upande wake, mlango wake na wateja wake. Mumewe alikwisha kuchora mstari wa chaki sakafuni, kutoka ukuta wa nyuma mpaka kizingitini. Mstari ulipita chini ya meza ya Wifi. Alipokaa, mguu mmoja ulikuwa kwa Chuma na mguu mmoja kwa Weba.

"Na meza itakwenda wapi?" alimuuliza mumewe.

"Kwangu. Wewe ni mke wangu."

"Na yeye je, nani atamkatia karatasi?"

"Msomi hashindwi na mkasi."

Wifi alirudi kwenye karatasi zake. Alipoingia nyumba hii akiwa bibi harusi, hajui chumvi inakaa wapi, ni Weba aliyekaa naye jikoni akamwambia kwa sauti ya chini nani hupenda nini, nani hununa kwa lipi, na nani wa kuachwa mpaka apoe mwenyewe. "Kaka yangu," alisema siku ile, "akinyamaza usimfuate. Weka chakula, kaa karibu, atakuja." Wifi aliishi kwa ushauri huo miaka yote. Ukuta ukisimama, alijua, haungekuwa wa mbao tu. Mbao zingeingia mpaka jikoni, zingelala kati ya watoto wake na shangazi yao, na hakuna seremala anayeagizwa kuja kuzing'oa.

Basi wiki ileile ya seremala ndipo Fundi Mageti alipoleta transfoma yake.

Fundi Mageti alichomelea mageti na madirisha mtaa wa pili. Mashine yake ya kuchomelea ilikuwa imeungua koili, akaja nayo juu ya mkokoteni, akiisindikiza kama mgonjwa. Alikuwa mteja wa tangu enzi za Mzee. Weba akasuka koili mpya, shaba tupu, safu juu ya safu, kazi ya kutazamwa. Alipomaliza alisema, "Wifi, mwambie Chuma akiingiza vibati aweke karatasi kati ya waya na chuma, ile ya zamani imeungua."

Wifi akaanza kwenda. Hatua ya kwanza, mwanamke mlangoni akauliza kama mnasuka rasta. Wifi akamjibu. Akageuka, na akafikisha alichobaki nacho.

"Anasema uweke karatasi kati ya chuma."

Mumewe aliacha kazi. "Kati ya chuma na chuma?"

"Ndivyo alivyosema."

"Ana hakika?"

"Baba watoto, mimi nimetumwa. Kama unataka hakika, geuka umuulize."

Hakugeuka. Alitazama transfoma, kisha akatazama dirisha. Kisha akaomba karatasi, na Wifi akaikata, kipande hiki na kipande kile, akampa kwa mkono wake mwenyewe.

Siku iliyofuata Fundi Mageti alirudi, mkokoteni uleule, na uso wa mtu aliyelipuliwa fyuzi.

"Wifi," alisema, "mmeniwekea ng'ombe humu?"

"Kuna nini tena?"

"Inanguruma. Sijagusa chuma, sijachomelea hata msumari, inanguruma na kuchemka. Nimewasha, nyumba ya jirani imezima. Jirani mwenyewe alikuwa anapiga pasi shati la harusi. Unajua nimeambiwa nini?"

"Nitawaambia."

"Waambie na hili. Nikitoka hapa na ng'ombe wangu, siji tena. Nimevumilia habari za mwambie-Chuma, mwambie-Weba, nikasema ni mambo ya ndugu. Lakini nataka kazi, sitaki mchezo wa redio."

Transfoma ikabebwa ndani, ikawekwa juu ya meza ya Wifi kwa kuwa hakuna benchi lililoikubali. Weba alikuja akaiunganisha, akabana mita yake kwenye waya, akawasha. Meza ikatetemeka, mkasi ukaanza kutembea wenyewe kuelekea ukingoni. Akazima. Akaandika tarakimu chache juu ya kipande cha karatasi, akazigawanya. Kisha akainama, akatazama pale vibati vinapokutana, na hapo, kwenye kiungo, akaona mstari mwembamba wa rangi ya kahawia.

Angeweza kusema relaktansi. Neno lilikuwa mdomoni, safi, na kipimo chake. Lakini alijua lile neno lilifanya nini, na Jumamosi ilikuwa kesho, na chaki ilikuwa pale sakafuni. Akasema kwa sauti ya chini, karibu ya upole:

"Mwambie aondoe kinyongo. Basi. Atanielewa."

Wifi alimtazama. Kwa muda wote huu hakuwahi kusikia lolote lililo wazi hivyo kutoka upande wowote. Akajipa moyo kwamba pengine njia ya mkato ndiyo njia. Akaenda.

"Baba watoto. Dada yako anasema uondoe kinyongo."

Katika nyumba ya ndugu waliokasirikiana, neno hilo halihitaji kamusi. Mumewe aliinua kichwa taratibu.

"Mimi?"

"Wewe."

"Mimi ndiye mwenye kinyongo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Mwambie aanze yeye kuondoa chake."

Wifi akarudi. "Anasema uanze wewe."

"Mimi?" Weba alishangaa kweli. "Kwangu hakipo. Kiko kwake, kwenye kiungo. Mwambie nimeshakipima."

Wifi akaenda. "Anasema kwake hakipo. Kiko kwako, kwenye viungo. Ameshakipima."

"Amekipima." Mumewe aliweka bisibisi chini. "Kinyongo changu kimepimwa."

"Nasikia ni kikubwa."

"Kikubwa kiasi gani?"

Akarudi. "Anauliza kikubwa kiasi gani."

Weba alitazama tarakimu zake, na sauti yake ikachangamka, kwa kuwa alidhani hatimaye anaulizwa swali la kazi. "Laki moja na nusu hivi, ampea-mizunguko kwa weba."

"Laki moja na nusu," Wifi alimwambia mumewe.

"Ya nini?"

"Ampea… kitu fulani kwa weba."

"Kwa Weba. Nilijua. Kinyongo cha laki moja na nusu, na chote kwa Weba." Mumewe alisimama, mishipa imemtoka shingoni. "Mwambie seremala asingoje kesho. Aje leo."

Fundi Mageti, aliyekaa mlangoni juu ya ndoo iliyofunikwa, alijipiga paji la uso kimya kimya.

Wifi alibaki katikati ya chumba. Alitazama mgongo huu, akatazama mgongo ule. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Yeye hakuwa na jembe, alikuwa na mkasi, na shamba lilikuwa chini ya miguu yake limechorwa chaki. Akautia mkasi mfukoni. Akabeba kiti chake.

"Wifi, unakwenda wapi?" aliuliza Weba.

"Nje."

"Mke wangu, hujamwambia seremala aje leo."

"Sijamwambia na simwambii. Koleo simletei mtu. Tafadhali sibebi. Mnaniona kama nani? Nimewakatia karatasi mpaka nimekuwa karatasi. Mimi leo basi."

Aliweka kiti chini ya kibao, akakaa, mgongo kwa mlango. Fundi Mageti alimfuata na ndoo yake, akaketi kando.

"Umefanya vizuri," alisema Fundi Mageti.

"Nyamaza na wewe."

Ndani kulikuwa kimya. Kimya cha watu wawili ambao kila mmoja anamngoja mtu wa tatu. Mlio wa kitu kuwekwa. Mlio wa kitu kuinuliwa. Mtu akakohoa. Fundi Mageti alitaka kuchungulia, Wifi akamshika shati.

Kisha sauti ya Weba, kavu: "Nani alikwambia uweke karatasi kwenye kiungo?"

Wifi alihesabu koili zilizotundikwa kwenye dirisha la nje, akazipoteza, akaanza upya.

"Wewe," ilisema sauti ya mumewe.

"Mimi nilisema kati ya waya na chuma."

"Mimi nimeambiwa kati ya chuma."

"Waya je?"

"Waya sijauona kwenye maneno niliyoletewa."

Kisha sauti mbili kwa pamoja, kama watoto waliokuta kikombe kimevunjika:

"Wifi!"

"Mke wangu!"

Wifi hakugeuka. Lile neno lililopotea alilikumbuka sasa, alijua hata mahali lilipodondoka, pale mlangoni, kwenye nywele za mtu. Angeweza kwenda kuomba radhi. Lakini alisikia kitu katika zile sauti mbili, namna zilivyokutana, akabana midomo.

"Mmeita nani?" alisema bila kugeuza shingo. "Ulizaneni."

"Hata kama," sauti ya Weba iliendelea, imeacha kumtafuta mtu mwingine, "hata kama uliambiwa hivyo. Wewe ni fundi wa chuma tangu sijavaa viatu. Ulijua ni makosa."

"Nilijua."

"Ukaweka."

"Nikaweka."

"Kwa nini?"

"Msomi kasema. Mimi nani nimkosoe msomi mbele ya mteja?"

Nje, Fundi Mageti alimtazama Wifi. Wifi alitazama barabara. Alikuwa na hamu ya kuingia akawagonganisha vichwa, chuma kwa chuma, bila karatasi.

"Kaka," alisema Weba. Lilikuwa neno dogo, na lilikuwa halijasikika ndani ya chumba kile kwa muda mrefu kiasi kwamba hata Fundi Mageti aliacha kuchezea ndoo. "Nilipotuma uondoe kinyongo, ulidhani nasema nini?"

"Ulisema nina kinyongo."

"Nilisema kinyongo cha kwenye kiungo. Kinyongo cha Baba. Cha hewa. Cha mke mwenza."



"Kwani hilo neno si ulilikataa?" alisema kaka yake, sauti imeshuka.

"Nililikataa mbele ya yule mwenye viatu, kwa sababu alikucheka. Nilitaka akuheshimu. Akaniheshimu mimi. Neno halikuwa na kosa, mimi nimelitumia miaka yote hii kichwani. Mwalimu akisema relaktansi ubaoni, mimi nasikia Baba. Na leo nimelituma kwako, nikasema, huyu akilisikia atajua natoka wapi."

"Limefika limekuwa tusi."

"Kwa mjumbe huyu, ungetegemea nini?"

Wifi alifumba macho. Akajiambia: kaa. Weka chakula, kaa karibu, atakuja.

Kilichosikika baadaye kilikuwa spana. Bolti zikilegezwa moja moja, vibati vikitolewa na kupangwa upya, hiki kikiingia toka kulia na kile toka kushoto, vikipishana kama vidole vya mikono miwili. "Shika hapo." "Nimeshika." "Usikaze bado." "Sijakaza." Hakuna aliyesema tafadhali, wala hakuna aliyeitaka. Walipowasha, Wifi aliweka mkono juu ya kizingiti angoje tetemeko. Halikuja. Ikabaki sauti nyembamba tu, kama ya nyuki aliye chumba cha pili.

Fundi Mageti aliingia. Wifi akamfuata, maana kiti chini ya kibao kilikuwa kimeshaanza kuvutia wanawake wenye vitana.

Weba alikuwa anagawanya tarakimu zake tena, kaka yake ameinama begani pake. "Sasa kimeshuka. Elfu arobaini hivi."

"Kutoka laki na nusu?"

"Kutoka laki na nusu. Kwa kutoa karatasi tu."

"Elfu arobaini ya nini, sema tena."

"Ampea-mizunguko kwa weba. Chukua umeme uliopita, zidisha kwa mizunguko niliyosuka. Hiyo ndiyo nguvu unayosukumia. Gawa kwa sumaku uliyopata, hiyo ndiyo weba. Ukisukuma sana ukapata kidogo, kinyongo kikubwa. Ukisukuma kidogo ukapata nyingi, kinyongo kidogo."

Kaka yake alifikiri. "Ampea ni jina la mtu."

"Ni la mtu."

"Volti?"

"La mtu. Na weba la mtu."

"Sasa hiki kwa nini hakina mtu? Kinaitwa kwa maneno matatu kama anwani."

"Wamekikosesha tu. Wengine hugeuza henri, kipimo cha koili, juu chini, wakapata jibu lilelile."

"Hakuna aliyekubali," alisema kaka yake. "Nani anataka aitwe kipimo cha kinyongo."

"Mimi namjua mmoja ambaye angefaa," alisema Wifi.

Wote wawili walimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu kabla ya mvua walicheka kitu kimoja. Kisha, kwa kuwa furaha yao ilihitaji mahali pa kupumzikia, walimgeukia. Mumewe akasema ujumbe ukibebwa lazima ubebwe wote. Weba akasema kweli kaka, waya na chuma si maneno mazito. Mumewe akasema hata mkokoteni una uangalifu zaidi. Fundi Mageti akasema aachwe nje ya mambo haya, yeye anataka ng'ombe wake apakiwe.

Jumamosi asubuhi seremala akaja, mbao begani, penseli sikioni.

"Ukuta unaanzia wapi?" aliuliza.

Mumewe alimtazama Weba. Weba alimtazama kaka yake. Kisha wote wawili, kwa mazoea, wakamtazama Wifi.

"Mke wangu, mwambie…"

"Domo lako liko wapi?" alisema Wifi.

Mumewe akakuna kichwa. "Fundi," alimwambia seremala, "ukuta hatutaki tena."

"Mbao nimeshazikata."

"Ndiyo," alisema Weba. "Tutengenezee rafu. Koili zangu ziko ukutani tu."

"Rafu ya vibati," alisema kaka yake.

"Ya koili. Vibati havishiki kutu hata vikiwa chini."

"Na koili hazishiki vumbi zikiwa juu?"

"Umeanza."

"Nani ameanza?"

Walibishana juu ya rafu mpaka mchana. Wakabishana Mzee aliweka wapi rafu yake, na kama alikuwa na rafu. Wakabishana upande gani wa dirisha, na namna ya kupigilia, na kama relaktansi ya msumari ni kubwa au ndogo, na kama inafaa kuitwa relaktansi au kinyongo ikiwa hakuna mteja. Walizungumza yote ambayo walikuwa wameyaweka akiba tangu kabla ya mvua, na yalikuwa mengi, na mengi hayakuwa na maana. Seremala alikaa kwenye mbao zake akangoja. Ndugu wakipatana, chukua kapu ukavune; lakini kabla ya kapu, Wifi alitafuta pamba ya kuziba masikio.

Aliifuta chaki chini ya meza kwa kitambaa kilicholowa. Alipokuwa ameinama aliona vile vipande viwili vya karatasi, alivyokata yeye, vimetupwa sakafuni. Vilikuwa vimebanwa na chuma mpaka vikawa vyembamba kuliko alivyovitoa, na vilikuwa na alama ya kila kibati, mistari myembamba myembamba, mamia, kama nywele zilizosukwa vizuri. Alivikunja pamoja, akaviingiza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukicheza.

Akakaa. Meza ikacheza vilevile.

Mlangoni mtu alisimama, kitambaa kichwani. "Samahani, hapa mnasuka?"

Wifi aliusikiliza ubishi wa nyuma yake, kaka na dada, sauti juu ya sauti, wala hakuna hata mmoja aliyemwita.

"Ingia ukawaulize," alisema. "Mimi sijatumwa."